Ratiba Haikujaa Yenyewe

Sori,
Alhamisi, alasiri

Adhiambo nyathina, mwanangu,

Nakuandikia kutoka ofisi ya walimu. Wanafunzi wameshaenda zao, na wewe uko nyumbani unasukwa nywele na shangazi yako, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza naandika nini. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nairobi. Barua hii nitaificha ndani ya mfuko wa gongo lako la kriketi, kwa sababu nakujua. Mfuko wa nguo hutaufungua mpaka ukose soksi, lakini gongo utaliangalia kabla hata hujafika.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kutowaamini watu wanaochekacheka ovyo nimemwachia shangazi yako. Ameanza tangu Jumatatu na hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na nina hasira. Usishtuke, si wewe niliyekukasirikia. Katika habari hii yote watu ambao sijawakasirikia ni wawili, wewe na yule msichana wa Magunga.

Jumapili, baada ya mjomba wako Ochieng kuondoka, uliniuliza swali nikajifanya nasuuza sufuria. Ulisema, "Mama, mbona umekasirika hivyo? Si ni maneno tu ya mjomba." Nilisuuza sufuria ile mpaka ukachoka kusubiri. Sasa nakujibu.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa. Kaka yangu alikuja kukuaga, tukamwekea samaki, akawa anakula huku anasoma simu. Akasema, "Kumbe kriketi wameingiza Olimpiki. Sasa hiyo ni akili kweli? Ratiba yao imejaa. Watu wa kukimbia wako hapo, kuogelea iko, ngumi iko, mpaka vijana wa kuruka na ubao. Hii mchezo inakula siku mzima. Itolewe tu."

Wewe ukamjibu kwa adabu, "Mjomba, hiyo ni ya ova ishirini, mipira mia na ishirini tu kila upande. Masaa matatu hivi imeisha."

"Hata kama," akasema. "Ratiba imejaa. Si kila mtu ataingia."

Hapo ndipo nilipomnyang'anya sahani. Samaki alikuwa bado na upande mmoja mzima. Nikamwambia, "Tumbo lako pia limejaa na hakuna mtu amekutoa kwa meza." Baba yako alicheka akidhani ni utani, kisha akaniangalia usoni akasogeza kiti chake nyuma. Ochieng akasema, "Yawa, nimefanya nini?" Hakuwa amefanya kitu. Kaka yangu anajua kriketi kama ninavyojua mimi injini ya trela la miwa. Alikuwa anarudia maneno aliyoyaokota. Lakini maneno yale, ratiba imejaa, mimi nayajua vizuri. Niliwahi kuyasema kwa kinywa changu, mbele ya watu, na yakakuangukia wewe.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza hapo mwisho nitaogopa na kuchana karatasi.

Uwanja wenu wa kwanza ulikuwa pale ufuoni, kwenye sehemu ya kuanikia omena, wale dagaa wa ziwa letu. Asubuhi akina mama wanatandaza nyavu na omena juu yake, alasiri wanaziokota, na ardhi inabaki ngumu na tambarare kuliko kiwanja chochote cha shule hii. Mlikuja na fagio mkafagia zilizobaki, maana mpira ukikanyaga omena unateleza. Akina mama walilalamika, mpira unaingia kwenye mabeseni yao. Ndipo mkawekeana nao sheria ambayo haimo katika kitabu chochote cha kriketi. Ukiupiga mpira ukatua ndani ya beseni la mtu, umetoka, na tena unalibeba beseni lile mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Wasichana kumi na mmoja mlijifunza kupiga mpira chini chini kwa sababu hakuna aliyetaka kunuka omena siku ya shule. Yule kocha aliyekuchagua mwaka huu aliniuliza nani alikufundisha kuushika mpira ardhini hivyo. Nikamwambia ni mabeseni. Alidhani namtania.

Gongo lenu alilichonga fundi wa boti kutoka kwenye kipande cha ubao kilichobaki. Lilikuwa zito, mikono ilikuwa ikiwauma mpaka kuandika daftarini ilikuwa kazi. Mimi kama mwalimu wa michezo nikaenda kwa afisa wa michezo kuomba vifaa vya kweli. Nilivaa ile gauni yangu ya kanisani. Afisa aliniambia bila kuinua kichwa, "Madam, hiyo si mchezo ya Olimpiki. Huku pesa inafuata Olimpiki." Nikarudi na mipira miwili ya voliboli.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa kriketi haihitaji Olimpiki, eti ina kombe lake, ina mashindano yake, wachezaji wake wakubwa tayari kalenda imewabana hawana hata wiki ya kupumzika, mimi namuuliza, wachezaji gani hao? Wale wamechoka, ndiyo. Wapumzike. Wewe hujachoka. Fundi wa boti hajachoka. Kuna mabinti ambao neno hilo moja, Olimpiki, ndilo linaloamua kama watapata mpira au watapewa mipira miwili ya voliboli waende nayo. Hilo nalijua kwa miguu yangu, nilikwenda kwa afisa yule mara tatu.

Sasa nifike pale.

Ulikuwa kidato cha tatu, nahodha. Michezo ya shule za kanda yetu ilikuwa ifanyike Homa Bay, na kwa mara ya kwanza kriketi ya wasichana iliingizwa, timu nne tu, sisi, Awendo, Magunga na wenyeji. Tulijua kuna watu watakuja kutoka Nairobi kutazama. Kamati ilikutana Migori mjini kupanga ratiba. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, mwanamke peke yangu mezani. Niliichora ratiba kwenye karatasi ya manila, kalamu ya bluu kwa wavulana na nyekundu kwa wasichana, na nilijivunia mistari yangu iliyonyooka.

Lazima ujue kitu kimoja kuhusu ratiba ile. Miaka yote kabla ya hapo fainali zilichezwa Jumamosi. Mimi nikiwa na umri wako wa wakati ule nilikuwa mchezaji wa netiboli, na Jumamosi ya fainali nilibaki bwenini na wasichana wengine wa Sabato, nikisikia kelele za uwanjani timu yangu ikicheza bila mimi. Nililia nikiwa nimeshika Biblia. Nikaapa kwamba nikipata nafasi, watoto wetu hawatasikia kelele zile. Basi siku ile Migori nilisimama nikapigana. Nikasema michezo iishe Ijumaa, kabla jua halijatua. Wakabisha asubuhi nzima. Nikashinda.

Nilipokaa chini, mwenyekiti akasema, "Sawa, madam, umepata Ijumaa yako. Lakini siku moja imeenda. Sasa tuambie wewe mwenyewe, nini itoke."

Wakaniangalia wote. Walijua binti yangu ni nahodha wa kriketi. Mwalimu mmoja akasema kwa kucheka, "Kriketi haiwezi toka, hiyo ni ya nyumbani kwa madam." Meza yote ikaangua kicheko.

Adhiambo, sikufikiri hata muda wa kunywa maji. Niliona vicheko vile tu. Niliona watasema huyu mama amekuja kumtafutia mtoto wake nafasi, amevaa Sabato juu kama leso na chini yake kuna binti yake. Nikachukua rula. Nikasema, "Kriketi ya wasichana. Ratiba imejaa." Nikapiga mstari mwekundu juu ya kazi yangu mwenyewe, ulionyooka vizuri.

Walinipigia makofi. Mwenyekiti akasema, "Huyu ndiye mwalimu." Na mimi, mama yako, nilifurahi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimefurahi. Nilijiona mtu wa haki.

Wewe ulikuwa unanisubiri mlangoni ukiwa na viatu vyako vya mazoezi. Nikakwambia, "Mwenyekiti amekataa."

Hukulia. Ulikwenda kule kwenye omena na gongo lako zito, ukaupiga mpira juu, juu kabisa, kwa makusudi, ukatua kwenye beseni la mama mmoja. Ukajitwika beseni lile mpaka kwake. Niliona yote kutoka dirishani. Ningeweza kukufuata wakati ule nikakwambia ukweli. Nilirudi jikoni.

Na huo si mwisho. Ulimchukia mwenyekiti yule miaka miwili, na mimi nikakuacha umchukie. Alipokuja kwenye mazishi ya babu yako ulikataa kumpa mkono. Nikakuvuta nyuma ya nyumba nikakugombeza, nikakuuliza adabu umeacha wapi. Ukaniomba msamaha. Wewe, uniombe mimi. Yule mzee mpaka leo hajui kwa nini binti wa mwenzake alimtazama vile. Baba yako anajua. Nilimwambia mwaka ule ule, na kila akirudi kutoka Awendo na lile trela lake huniuliza kama nimeshakwambia. Nikisema bado, anatikisa kichwa na kwenda kuoga.

Nataka ujue pia kilichotokea kwenye ile michezo, maana hapa ndipo hasira yangu inapopata moto. Nilikwenda Homa Bay na ratiba yangu ya manila tukaibandika ukutani. Jumatano alasiri uwanja wa pili ulikuwa mtupu. Mtupu, Adhiambo. Mbuzi walikuwa wanakula nyasi katikati. Niliukuta mtupu kwa sababu mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, nilikuwa nimeuandikia masaa manne ya hotuba za wageni. Mgeni alifika amechelewa, akasema maneno machache, akaingia garini. Uwanja ukabaki. Kriketi ya timu nne ingechezwa pale na mbuzi wangepata zamu yao baadaye. Ratiba haikuwa imejaa. Kuna mtu aliijaza, na mtu huyo ni mimi.

Ndiyo maana siwezi kusikia maneno yale bila damu kuchemka. Ratiba haijai yenyewe. Ratiba ni karatasi, mahali fulani kuna mtu ameshika kalamu na rula, ana watu wanaomwangalia, anaogopa kuchekwa. Anachofuta huwa ni cha yule ambaye hayupo chumbani. Hukuwepo Migori. Achieng hakuwepo.

Achieng wa Magunga hujamsahau, najua. Yule mrefu wa mkono wa kushoto, mpira wake ulikuwa unafika kabla hujaona umetoka. Ulisema ni yeye peke yake uliyekuwa unamwogopa. Yeye alikuwa kidato cha nne. Alinipigia simu kwa simu ya mwalimu wake, sauti ndogo, "Mwalimu, sasa sisi tutacheza lini?" Nikamwambia, "Mwaka ujao." Nilikuwa najua kidato cha nne hakina mwaka ujao. Akasema, "Asante, mwalimu." Mwezi uliopita nilipokwenda Magunga kwa mazishi nilimkuta sokoni anauza nyanya, mtoto mgongoni. Alinisalimia kwa furaha. Aliniuliza habari zako. Nilipomwambia unakwenda kwenye majaribio ya timu ya taifa alipiga makofi, akaniongezea nyanya tatu za bure. Nyanya zile nilishindwa kuzila, nikampa jirani.

Mjomba wako alikuwa na hoja moja, nami sitaki kukudanganya tena hata kwa kunyamaza. Alisema si kila mtu ataingia. Ni kweli. Nimesoma. Kriketi imeingizwa kwa timu sita tu za wanawake na sita za wanaume, kwa sababu vitanda vya wanamichezo vina idadi, na ili wasichana wa kriketi walale mahali, kuna binti wa mchezo mwingine aliyepunguzwa. Ana mama pia. Hilo linaniuma. Na timu sita, mwanangu, ni mlango uliofunguliwa kiasi cha paka kupita. Nchi zilizoshiba zitakaa ndani, sisi tutaona kwa simu. Wameandika kriketi kwenye ratiba ili waseme wameandika. Huo nao ni unafiki na nimeukasirikia sawasawa na ule mwingine.

Lakini bado nasema iingizwe. Hata kwa mlango wa paka. Mimi niliyempa Achieng jibu la mwaka ujao siwezi tena kumwambia mtoto yeyote asubiri mpaka mlango uwe mpana. Tangu wametangaza, afisa yule yule wa michezo amenipigia simu mwenyewe. Aliniuliza, "Madam, ile timu yako ya kriketi bado iko?" Nikakata simu. Kisha nikampigia tena, kwa sababu hasira yangu si kifaa cha mazoezi. Vifaa vinakuja muhula ujao, na wasichana wa kidato cha kwanza wameshaanza kufagia pale kwenye omena. Sheria ya beseni imebaki ile ile.

Sasa swali lako la pili. Hili hukuliuliza Jumapili, uliliuliza wiki iliyopita ukiwa unapanga viatu, sauti ya chini, na sijakujibu mpaka leo. Ulisema, "Mama, mechi ya kwanza ya majaribio ni Jumamosi saa nne asubuhi. Nicheze?"

Nimeona jinsi unavyozunguka zunguka ukinitazama. Unadhani ninyamazapo nina hasira na wewe kwa kuuliza. Nilinyamaza kwa sababu kila jibu nililolipata lilikuwa na sauti ile ya Migori. Ningekwambia usicheze, ungetii. Unanitii mno, na wakati mwingine natamani ungenibishia kidogo. Lakini nilijiuliza, nikisema usicheze, nani anasema? Ni Mungu ninayempenda, au ni yule mwanamke aliyeogopa meza icheke? Siku ile Migori Sabato ilikuwa ya kweli. Nilipigania kitu kizuri na sijutii. Kilichonitoa jasho ni kwamba nilikuwa nimepata nilichotaka kwa ajili ya Mungu, kisha nikamtoa mtoto wangu ili nipate nilichotaka kwa ajili yangu, na nikaviacha vyote viwili vionekane kama kitu kimoja. Mungu hakuniomba nikufute. Hata kidogo. Mambo yale yalikuwa kati yangu na wale waliokuwa wakicheka.

Kwa hiyo sitakuambia ucheze na sitakuambia usicheze. Nimechukua rula maishani mwako mara moja na inatosha. Wewe ni mtu mzima, una Mungu wako na unajua kuongea naye, nimekusikia. Unaweza kwenda kwa kocha kesho jioni ukamwambia Jumamosi hapana, nipe Jumapili. Ukiamua hivyo, mwangalie usoni, na akikuambia ratiba imejaa, muulize nani aliijaza na akuonyeshe uwanja wa pili. Unaweza pia kuvaa viatu ukaingia. Ukiingia, ingia mzima. Usicheze nusu ukidhani nusu nyingine umeniachia mimi.

Ninachokuomba ni kwamba uamuzi uwe wako na useme ni wako. Usiseme mama amekataa. Usiseme mama ameruhusu. Mimi nilisema mwenyekiti amekataa, na angalia neno hilo limenipeleka wapi, nakuandikia barua ofisini kama mwanafunzi aliyeambiwa aandike makosa yake.

Unaweza kunikasirikia. Ukinikasirikia usiikimbize hasira yako, mimi nimekaa na yangu miaka hii yote na haijaniua. Usipotaka kunipigia simu wiki mbili, nitamuuliza baba yako habari zako. Na ukikutana na mwenyekiti yule siku moja, mpe mkono. Mwambie umetumwa na mama yako. Mimi nitakwenda kwake Jumapili hii, nitamwambia mwenyewe, na nitabeba kuku.

Ile karatasi ya manila ninayo. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro la chumba cha wageni, pale Ochieng alipokuwa analala akija. Nimeikata ile sehemu yenye mstari mwekundu na kuiweka ndani ya bahasha hii. Sijui utaifanya nini. Ukitaka ichane. Ila kwanza angalia jinsi mstari ulivyonyooka, hakuna mkono uliotetemeka pale, nami nataka uujue mkono ule.

Sasa nasikia mlinzi anafunga madirisha ya madarasa. Nikichelewa, shangazi yako atamaliza kichwa chako bila mimi kuona, na atakuwa amekukaza mpaka macho yamevutika.

Jumamosi saa nne nitakuwa kanisani, benchi langu lile lile la mbele, karibu na mimbari. Unajua sheria yetu, simu zote huzimwa mlangoni, na miaka yote mimi ndiye ninayesimama pale kuwakumbusha watu. Jumamosi hii atasimama mwingine. Yangu itakuwa mkononi, na sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Ukicheza, ukimaliza, piga. Usipocheza, piga vilevile. Waache wageuke waniangalie.

Mama yako